Ripoti ya Usiku

Zamu nimepokea saa moja usiku.
Wakongwe kumi na mmoja, wote wapo.
Kitanda cha nne, Bi. Tapsubei: amekunywa uji nusu kikombe,
nusu nyingine ameitukana.
Kitanda cha saba, Bi. Njoki: ageuzwe kila baada ya saa mbili,
na wageuzaji wawe wawili.
Baridi imeshuka kutoka Menengai. Madirisha nimefunga.

Hivyo ndivyo tunavyoandika hapa, kwa kalamu ya bluu.
Presha ina safu yake. Mkojo una safu yake.
Kageha hana safu.

Alikuja Nakuru mwezi wa tatu, kutoka Chavakali,
cheti ndani ya karatasi ya nailoni, raba nyeupe pe,
na siku ya pili akakosea:
alimwita Bosibori "dada", tena mbele ya wageni.
Bosibori si nesi, si metroni.
Ni wa kwanza kufika tu, miaka kumi na sita sasa,
na ufunguo wa stoo hulala sidiriani mwake.

Basi glavu zikaanza kuisha,
zinaisha Kageha anapofika.
Chai ikaanza kutosha watu watano
nasi tulikuwa sita.
Jedwali la zamu likamla Jumapili nne,
moja ikiwa ya ubatizo wa mwanawe.
Akiingia jikoni, maneno yanadondoka kama kijiko.
Akitoka, tunaokota.

Kisha ile "pipi".
Bosibori akimwigiza: "Pipi amelala! Pipi hataki uji!"
na mimi, naandika kwa kuwa ni kweli,
nilicheka mpaka chai ikanitokea puani.

Mzaha mzaha, walisema wahenga, hutunga usaha.
Lakini wahenga hawakuosha vidonda vya mgongo.
Mimi huosha. Usaha hauanzi na harufu.
Huanza na wekundu kidogo, mahali palipolaliwa sana,
nawe unasema, aa, kesho.

Saa kumi kasorobo, Kageha aliita.
"Njooni tumgeuze."
Tulikuwa jikoni, Bosibori na mimi, viganja juu ya makaa.
Akaita tena.
"Mwache," Bosibori alisema, "apate misuli."
Mara ya tatu hakutaja jina la mtu. Aliita tu.

Nilipofika, Kageha alikuwa sakafuni
na Bi. Njoki juu yake, kifuani, kama mtoto aliyepakatwa.
Mkono una mchubuko wa sentimita nne.
Bi. Njoki hatujui. Sote hutuita
kwa jina la dada yake aliyekufa.
Lakini alinitazama, akasema wazi:
"Mnapigania mgongoni mwangu."

Yeye usingizi ulimrudia.
Mimi nilifungua kitabu. Mchubuko una safu: nikaijaza.
Chini kabisa, penye "Mengineyo", nikaandika:
Aliita mara tatu. Tulisikia zote tatu.
Nikaandika majina, langu la kwanza.
Kalamu ilikwaruza, wino ulikuwa unakwisha.

Bosibori alisoma akiwa amesimama nyuma ya bega langu.
Nilingoja matusi. Akasema polepole,
"Mimi nilipokuja, walinifungia chooni hadi asubuhi.
Hakuna aliyeandika."
Sikujua kama ananiomba au ananitisha.
Pengine naye hakujua.

Metroni ameita mkutano Alhamisi.
Utazaa nini, sijui. Jina jipya ninalo tayari: Redio.
Asubuhi hii boksi zima la glavu lilikuwa mezani,
na hakuna aliyeeleza limefikaje.
Nikaingia jikoni kutafuta chai.
Kijiko kikadondoka.

Nimeinama, nikakiokota.
Kwenye benchi, Kageha alisogea kidogo, nafasi ya mtu mmoja,
bila kunitazama.

Zamu nimekabidhi saa moja na dakika ishirini.
Wakongwe kumi na mmoja, wote wapo.